Mlima Hauvuti Mvua

Maneno haya niliyasema mbele ya wakulima, walimu na wanafunzi wa sekondari, Same mjini, chini ya milima ya Upare, katika wiki ya Siku ya Hali ya Hewa Duniani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Palipo na mchepuko nimeuacha, maana ndivyo ninavyozungumza.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, walimu, na ninyi vijana mliobanana huko nyuma: wazee shikamooni, vijana hamjambo.

Kabla sijasema lolote, aliye karibu na madirisha ya upande ule naomba atazame nje. Mnaona nini juu ya mlima? Wingu. Limelala mgongoni mwa mlima kama maziwa yaliyochemka yakafika ukingoni mwa sufuria. Sasa litazameni kwa subira kidogo. Linamwagika kweli, linaanza kuteremka kuja kwetu, lakini halifiki hata robo ya njia, limekwisha. Halikurudi nyuma wala halikuruka juu. Limeyeyuka. Nyuma yake linakuja jingine, nalo linaishia palepale.

Nimefanya kazi ya kupima hali ya hewa kwa miaka zaidi ya thelathini, na mpaka leo nikishuka stendi jioni natazama kwanza wingu lile ndipo nitafute bodaboda. Ukilielewa wingu lile umeelewa kwa nini watu wa Mamba na Miamba, kule upande wa pili wa mlima, wanauza tangawizi sisi tukiuza mbuzi. Na kwa kweli umeelewa mengine makubwa kuliko hayo, nitayafikia.

Huku kwetu tumelelewa na usemi kwamba mlima unavuta mvua. Bibi yangu alisema hivyo, mwalimu wangu wa darasa la nne alisema hivyo, na juzi nimemsikia kijana wa redioni akisema hivyo. Leo nimekuja kubishana na usemi huo. Mlima hauvuti kitu. Mlima umesimama tu. Kinachotembea ni upepo, na mlima unaulazimisha upepo upande.

Sasa hewa ikipanda inakuwaje? Vijana mnajua pampu ya baiskeli. Ukijaza tairi kwa haraka, shika chini ya pampu: ni ya moto. Hewa iliyobanwa hupata joto. Ukibonyeza kipini cha tairi hewa itoke, inatoka ya baridi, kwa sababu inatanuka. Basi hewa inayopanda mlima ni kama ile inayotoka kwenye tairi. Kadiri inavyokwenda juu, mzigo wa hewa iliyo juu yake unapungua, nayo inatanuka, inapoa. Hewa isiyo na wingu hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja inayopanda. Hakuna aliyeipuliza baridi. Imejipoza yenyewe kwa kupanda.

Tufanye hesabu, na hii ni hesabu ya mfano, msiende kuiandika kama kipimo cha siku fulani. Chukua hewa iliyoko tambarare ya Ndungu, upande wa mashariki wa milima yetu, kwenye kimo cha mita 500, joto nyuzi 28. Upepo unaisukuma kuelekea mlimani. Inapanda mita 800, inapoteza nyuzi 8, imefika 20. Tuseme hapo ndipo mvuke wake unaposhindwa kuendelea kuwa mvuke, unageuka matone. Wingu limezaliwa. Kuanzia hapo hewa haipoi tena kwa kasi ileile. Jasho likikauka mwilini unasikia baridi, kwa sababu maji yakigeuka mvuke hubeba joto na kuondoka nalo. Mvuke ukigeuka maji hulirudisha joto lilelile. Kwa hiyo hewa iliyo ndani ya wingu inapanda huku inapashwa kidogo na matone yake yenyewe, inapoa kama nyuzi 6 tu kwa kilomita. Ikifika mita 2,300, karibu na vilele vya Shengena, ina nyuzi 14, na matone mengi yameshaanguka njiani juu ya migomba na tangawizi za watu.

Imevuka mgongo. Sasa inashuka kuja Same. Haina wingu la kubeba, imekauka, kwa hiyo inajibana na kupata joto kwa kasi ya nyuzi 10 kwa kilomita. Kutoka 2,300 mpaka hapa tulipo, karibu mita 900, ni mita 1,400. Kumi na nne na kumi na nne: nyuzi 28. Hewa hiyohiyo ilipokuwa inapanda, kwenye kimo hikihiki cha mita 900, ilikuwa na nyuzi 24. Tumeletewa hewa ileile, imeongezwa joto na imenyang'anywa maji. Wingu mliloliona likiyeyuka ni matone machache yaliyobaki, yanakaushwa na joto la kushuka.

Ndiyo maana nasema mlima hauvuti. Ungekuwa unavuta, sisi tulio chini yake upande huu tungepata angalau makombo. Sisi hatuko mbali na mlima! Tunaweza kuugusa. Shida yetu ni kwamba tuko mgongoni kwake.

Mtu ataniuliza: mbona upepo haubadiliki siku moja ukaja kutoka magharibi, sisi tukapata zamu yetu? Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloniuma kidogo. Huku kwetu tuna pepo mbili kuu. Kusi inavuma toka kusini-mashariki, kuanzia kama Aprili mpaka Oktoba. Kaskazi inavuma toka kaskazini-mashariki, Desemba mpaka Machi. Wavuvi wa Pwani wanaziona kama pepo zinazopingana, na baharini ni kweli zinapingana. Lakini sikilizeni majina ya pembe zake: kusini-MASHARIKI, kaskazini-MASHARIKI. Zote mbili zinapofika kwenye milima ya Upare na Usambara zinatokea upande wa bahari. Upande wa mashariki unashinda kwa kusi, halafu unashinda tena kwa kaskazi. Zamu yetu haiji.

Na si sisi peke yetu. Pandeni basi mwende Tanga. Amani, pale Usambara Mashariki ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Same tunapata kati ya 500 na 600. Mombo, chini ya Lushoto, unashuka kwenye gari unavua koti ulilolivaa dakika arobaini zilizopita. Nendeni Morogoro: Matombo na Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru, kuna ndizi na viungo, mjini Morogoro, upande wa pili, watu wanalia maji. Kilimanjaro yenyewe, mteremko wa kusini kwenye msitu wa kimo cha mita 2,200 hivi hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Zunguka nyuma, shuka mpaka Amboseli upande wa Kenya, ni kama 350. Wamasai wa Amboseli wanaishi kwa maji ya chemchemi yanayotoka chini ya mlima huohuo uliowazibia mvua. Mlima umewanyima juu ukawapa chini.

Hapa nina jambo la pembeni. Watu hudhani kadiri unavyopanda ndivyo mvua inavyoongezeka mpaka kileleni. Sivyo. Pale Kilimanjaro mvua inaongezeka mpaka kwenye msitu, halafu inapungua. Kibo, kwenye mita 5,895, mvua na theluji vikijumlishwa havifiki milimita 200 kwa mwaka. Juu kule ni jangwa lenye barafu. Mvuke mwingi umelala kwenye kilomita mbili tatu za chini za anga, na unakuwa umeshageuka mvua kabla haujafika huko.

Wazee wetu walilielewa hili bila hesabu. Ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji, ni nini? Ni jibu la mtu anayejua kwamba mvua imenyesha juu na haitamfuata chini, kwa hiyo inabidi ayafuate maji yake kwenye mfereji. Maji ya kijito yanajazwa kwenye ndiva usiku, mchana yanafunguliwa kwa zamu. Ukienda Bangalala utaziona. Mkoloni hakutufundisha, na sisi watu wa hali ya hewa pia hatukuwafundisha. Hata mpunga wa Ndungu na Maore, mahali pakavu kabisa, unalimwa kwa mito inayoshuka kutoka milimani. Kata mto ule, Ndungu inarudi kuwa pori la Mkomazi.

Wa upande unaopata unyevu nao wana deni lao. Novemba 2009, kule Goha, mlima ulishuka usiku ukafukia watu wakiwa wamelala. Wengine humu mlipoteza ndugu. Na Desemba 2023 tuliona Hanang: mlima umesimama peke yake katikati ya tambarare, mvua ikaushukia kwa nguvu, na tope, mawe na magogo yakaingia Katesh. Mlima uliosimama peke yake nao unapandisha hewa, na maji yanayonyesha juu yake yanatokea kwenye makorongo yaliyo juu ya nyumba za watu. Nikiwa kazini nilizoea kuandika "mvua kubwa" kwenye fomu kana kwamba ni namba tu. Milimani mvua kubwa haiishii kwenye kipimamvua. Ina mteremko wa kukimbilia.

Haya. Tumesema upepo unalazimishwa kupanda. Lakini kuna siku unakataa.

Hewa ya baridi ni nzito. Ikiwa chini kuna hewa nzito na juu yake kuna tabaka la hewa ya joto kama kifuniko, upepo ukifika mlimani hauna nguvu ya kujinyanyua. Unafanya kama mtu aliyekuta ng'ombe amelala njiani: unazunguka. Na unapozunguka unatafuta mlango. Sisi tunakaa mlangoni. Same ipo kwenye pengo kati ya Upare Kaskazini na Upare Kusini, na ndiyo maana mama akianika nguo hapa bila vibanio anazifuata kwa jirani. Mkumbara ni mlango mwingine, kati ya Upare na Usambara. Watafiti wa nishati walipotaka kupima upepo wa nchi hii walisimamisha milingoti Mkumbara, Mgagao na Karatu. Angalieni ramani muone: mahali hapo pote patatu pana mlima pembeni.

Mnajua mpira wa kumwagilia bustani. Maji yanatoka polepole. Ukiziba mdomo kwa kidole gumba yanaruka mpaka ng'ambo. Mlango mkubwa wa namna hiyo katika Afrika yetu uko kaskazini ya Kenya, kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Upepo wa kusini-mashariki unaingizwa kwenye bonde lile, unabanwa, unakimbia kuelekea Ziwa Turkana, na unafanya hivyo mwaka mzima. Wenyeji walikuwa wanajua siku zote, maana ndio wanaojenga vibanda vya mviringo vilivyoinama chini. Wanasayansi waliuandika rasmi mwaka 1982, Kinuthia na Asnani, baada ya kurusha maputo ya kupimia na kukuta mto wa upepo usioonekana ukipita mamia ya mita juu ya ardhi. Leo kuna mashine 365 za kufua umeme karibu na Loiyangalani, zenye uwezo wa megawati 310. Zilizinduliwa mwaka 2019. Ukiwasha taa Nairobi usiku, huenda umewashiwa na milima miwili iliyo mbali mamia ya kilomita.

Upepo huo una ubaya wake pia. Unapita kasi ukiwa umebeba unyevu lakini haupati mahali pa kupandia. Kwa hiyo Turkana ni kavu ingawa mvuke unapita juu ya vichwa vya watu kila siku. Hilo nalirudia kwa sababu ndilo kosa la usemi wa bibi yangu. Watu hudhani nchi kavu haina maji hewani. Yapo. Hakuna kinachoyapandisha.

Sasa nataka niwapeleke mbali zaidi, na mwenyekiti atanivumilia, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

Mwezi wa sita na wa saba kusi inavuka bahari toka kusini ya ikweta kuja pwani yetu. Inataka kuendelea magharibi. Mbele yake inakuta ukuta: nyanda za juu za Kenya, halafu Ethiopia. Ukuta huo hauzungukiki kirahisi kama Shengena. Basi upepo unaufuata ukuta. Unapinda kwenda kaskazini, unalala ubavuni mwa nyanda za juu, unavuka ikweta juu ya Kenya, unapita Somalia, na kwa kuwa dunia inazunguka, ukishavuka ikweta unapindia kulia, unatokea bahari ya Arabuni na kwenda India. Kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi unaweza kuzidi mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Mtaalamu mmoja wa Kiingereza, John Findlater, aliyafuatilia haya kwa vipimo vya pepo za juu akayaandika mwaka 1969, na wengi wanauita upepo huo kwa jina lake. Sehemu kubwa ya mvua ya masika ya India inapitia mlango wetu.

Fikirini hapo. Kama nyanda za juu za Kenya zisingekuwepo, upepo ule usingekusanyika kuwa mto mmoja wenye nguvu vile. Mkulima wa mpunga wa India ana deni kwa mlima asioujua.

Na manahodha wa jahazi walikuwa wameshaujua ukali wake karne nyingi kabla ya Findlater. Walikuja kwetu na kaskazi wakiwa na tende na mazulia, wakarudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko. Lakini hawakurudi katikati ya kusi. Waliwahi mwanzoni, au wakangoja mwishoni mwa Agosti upepo ulegee. Katikati, mwezi wa saba, bahari ya Somalia na Socotra haipitiki kwa tanga, na bandari za magharibi ya India zilikuwa zinafungwa. Nahodha hakujua kwamba kinachoitia hasira bahari ile ni pamoja na milima iliyo bara, nchi ambayo hajawahi kuiona. Alijua tarehe tu, na tarehe ilitosha.

Wapo humu wenye ndugu Oman. Waulizeni habari za Salalah wakati wa kharif, yaani msimu wao wa ukungu. Mwisho wa mwezi wa sita mpaka wa tisa, upepo huohuo wa kusi unasugua pwani ya Dhofar. Unayavuta maji baridi ya chini yapande juu, hewa iliyo juu yake inapoa, ukungu unajaa. Ukungu unasukumwa kwenye milima iliyo nyuma ya Salalah, ambayo si mirefu sana, lakini inatosha. Mlima unakuwa kijani, ng'ombe na ngamia wanalisha, na watu wa Ghuba wanatoka kwenye joto la kuua wanakuja kutalii manyunyu. Mvua inayopimika ni kidogo. Maji mengi yanakamatwa na majani ya miti, yanadondoka tone moja moja. Vuka upande wa pili wa milima ile: jangwa, mpaka Robo Tupu ya Arabuni. Dhofar nako wana Same yao.

Nimesema habari za pepo kubwa. Kuna pepo ndogo ambazo mlima unazitengeneza wenyewe, hata siku ambayo hakuna kusi wala kaskazi. Waliokwenda Moshi wanajua: ukitaka kuiona Kibo uamke mapema. Saa moja asubuhi iko wazi, saa nne imejifunika. Jua linapopiga mteremko, udongo unapata moto na kuipasha hewa iliyougusa. Hewa hiyo inakuwa ya joto kuliko hewa ya kimo hichohicho iliyo mbali angani, kwa hiyo inapanda ikiambaa na mteremko, wingu linajengeka. Usiku mteremko unapoa, hewa inakuwa nzito, inateremka kama maji. Ndiyo sababu moja wapandaji wa Kilimanjaro wanaanza safari ya kileleni usiku wa manane: wanataka kuwa juu asubuhi kabla wingu halijawapandia.

Hewa hiyo ya usiku ikiteremka, inakwenda wapi? Bondeni. Inatuama kama bwawa. Amka saa kumi na mbili ukiwa Suji au Vudee utazame moshi wa mafiga kwenye bonde: unapanda kidogo, unagonga kitu usichokiona, unatandazika. Umegonga kifuniko cha bwawa la baridi. Kule Kitulo na maeneo ya Njombe, baridi hiyo ya Juni mpaka Agosti inaleta sakitu, yaani barafu nyembamba juu ya majani, na aliyepanda viazi chini kabisa ya bonde anaunguliwa wakati jirani yake aliye mita thelathini juu yake hana habari. Afisa kilimo anaweza kuwaambia wote wawili wako kijiji kimoja. Hewa haijui kijiji.

Ziwa Victoria nalipita haraka, kwa sababu linahitaji siku yake: mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, unapanda miteremko ya Kericho na Nandi, unakutana na upepo wa mashariki uliovuka Bonde la Ufa, na jioni chai inapigwa mvua ya mawe. Usiku hewa inateremka kurudi ziwani, na dhoruba zinahamia juu ya maji, wavuvi wakiwa humo. Mvuvi wa Mwanza anapaswa kuogopa alfajiri kuliko mchana.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye swali ambalo mzee mmoja aliniuliza pale mlangoni: "Hawa wenzako wa utabiri, mbona wanatudanganya?"

Mzee wangu, nitajibu kwa haki. Utabiri wa msimu unatolewa kwa eneo. Sisi tumewekwa pamoja na Arusha na Manyara chini ya jina moja, nyanda za juu kaskazini mashariki. Wakisema wastani hadi juu ya wastani, wanazungumzia eneo lote hilo. Na kompyuta zinazopiga hesabu hizo zinaikata nchi kwa miraba. Mraba ukiwa kilomita 25 kwa 25, milima ya Upare Kusini inakuwa kichuguu: mgongo wa mlima, mteremko na tambarare vinasagwa pamoja vinapewa kimo kimoja cha wastani. Hapo mraba mmoja unanyeshewa wote, au unakosa wote. Miraba imekuwa ikipungua ukubwa mwaka hadi mwaka, na mambo yamekuwa mazuri, hilo nalisema kwa furaha. Lakini kutoka stendi yetu mpaka shamba la tangawizi ni mwendo mfupi, na unavuka nchi mbili za mvua. Hawajakudanganya, mzee wangu. Wamekupa wastani, nawe hukai kwenye wastani.

Mimi mwenyewe nililikosea hilo, tena kwa mtu wa damu yangu. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa juzi, najiona. Nikamtumia shangazi yangu wa Mamba ujumbe kwa dereva wa basi: shangazi, usipande, mvua imechelewa, subiri wiki mbili. Nilikuwa nimesimama hapa Same natazama vumbi. Kwake mvua ilikuwa na siku kumi. Bahati nzuri hakunisikiliza, alishapanda. Nilipokwenda kumsalimu aliniwekea ugali, akangoja nimeze tonge la kwanza, ndipo akasema: "Mwanangu, umepima mvua ya Same ukaniletea Mamba."

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni dogo. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu, mliweke mahali pa wazi mbali na mti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma watu wa vituo, tumbukizeni rula, mwandike. Milimita moja kwenye kopo ni lita moja kwenye kila mita mraba ya shamba. Paa la bati la mita mraba 30 likipata milimita 10 limekusanya lita 300, ndoo kumi na tano, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaipenda. Shule moja ya huku ikiandika, na shule moja ya Mamba ikiandika, na moja ya Chome, baada ya miaka kumi mtakuwa na kitu ambacho kompyuta yoyote itakiomba.

Na msitu? Nimeulizwa kama kukata msitu wa Shengena kutazuia mvua. Jibu langu huwaudhi wengine: upepo utaendelea kupanda, mlima ukiwa na miti au ukiwa na upara. Mvua nyingi itanyesha. Lakini ukungu unaokamatwa na majani hautakamatwa, udongo hautanywa, na maji yatakayoshuka yatashuka yote siku moja, na mawe ndani yake. Mito ya Gonja itakuwa na mafuriko Aprili na changarawe Agosti. Sioni haja ya kuwatisha watu kwa jambo ambalo si kweli wakati lililo kweli linatisha vya kutosha.

Shangazi yupo, ana zaidi ya miaka themanini. Nilimpelekea kopo na rula miaka mingi iliyopita, na kila mvua ikinyesha ananipigia, nadhani zaidi kwa kunikumbusha dhambi yangu. Leo asubuhi nilikuwa uani napiga mswaki, simu ikalia. Akasema usiku kuanzia kama saa nane imenyesha, na akanisomea kopo lake. Kisha akauliza: "Na huko kwenu?"

Nikaenda kutazama langu. Lilikuwa na majani mawili makavu na sisimizi mmoja anayetafuta njia ya kutoka.